Ndege wa msituni: Ngozi, Kitulo au Mufindi?

Uyole_Juu
Wakuu, tuko wawili, tuna Jumamosi moja na darubini moja ya 8x42 (inakuza mara 8, kioo cha mbele kina upana wa milimita 42). Tunatokea Mbeya mjini na tunataka ndege wa msituni. Twende wapi?

Mporoto
Ngozi, ule mlima wenye msitu na ziwa la kreta (shimo la volkano). Panda Kosta ya Tukuyu, shuka Isongole, malizia na bodaboda hadi msitu unapoanzia. Kibali na kiongozi wa njia vimalizeni mapema, kwa sababu saa 12:30 asubuhi mnatakiwa muwe ndani tayari. Ikifika saa 4 ndege wamepoa na wanaokwenda kuona ziwa wamejaa njiani.

Wengi wanakosea kukimbilia juu. Ukingoni mwa kreta kuna mandhari na upepo tu. Ndege mmewapita kwenye miti mikubwa. Tembea kidogo, simama dakika tano, tembea tena. Trogoni mkia-mistari hukaa kimya tawini akikupa mgongo, na mgongo wenyewe ni wa kijani, kwa hiyo unamtazama bila kumwona. Tafuta kichwa kinachogeuka polepole. Tumbo jekundu utaliona akishageuka au akiruka.

Binti_Makete
Kwa anayeanza, Ngozi inakatisha tamaa: masikio yanashiba, macho yanalala njaa. Hifadhi ya Kitulo ni nyasi tupu kwenye mita 2,600 hivi, ndege unamwona tangu mbali. Kuna tandawala, ndege mkubwa anayetembea nyasini, na wakati wa mvua kuna mbayuwayu buluu anayekuja kuzaliana. Huyo hujenga kiota ndani ya mashimo ya ardhini, kwa hiyo ukimwona anazungukazunguka bila kutua, rudi nyuma: umesimama karibu na mlango wake.

Ubaya ni kwamba mvua inayomleta ndiyo inayoharibu barabara. Zile kona 57 za kupanda kutoka Chimala si za gari dogo kukiwa na tope.

Mporoto
Sawa dada, lakini kaomba ndege wa msituni.

Chai_Mafinga
Mufindi kwa kwenda na kurudi siku moja kutoka Mbeya mtaishia kuona lami. Iacheni kwa walioko Iringa; kwao hadi Mafinga, mji wa Mufindi, ni kilomita 80 hivi tu. Huku msitu umebaki visiwa visiwa katikati ya chai, na faida yake ni kingo: unasimama kwenye njia ya shamba, jua mgongoni, unasubiri ndege wajitokeze. Ombeni ruhusa ya shamba kwanza. Njiani kagueni nyaya na nguzo za uzio, ndege aitwaye mbwigu wa Uhehe hupenda kukaa hapo, na nje ya Tanzania hayupo.

Uyole_Juu
Basi Ngozi. Kuna wa kutuazima 10x42, tuchukue?

Mporoto
Bakini na 8x42. Gawanya 42 kwa 8 unapata mwanga wa upana wa milimita 5.25 unaofika jichoni. Kwa 10 ni 4.2. Chini ya miti asubuhi tofauti hiyo inaonekana, na 10 hutikisika zaidi mkononi. Mnapotembea ivaeni ndani ya koti: kioo kikipoa, joto la uso hukitia ukungu kila ukiinua.

Mkikuta siafu wanavuka njia, msiwakimbie. Ndege kama kurumbiza huwafuata kula wadudu wanaotimuliwa. Simameni mita nne tano pembeni, suruali ndani ya soksi, na mmoja aangalie miguu.