Nina makala 140 na dola 14 tu, wakuu mnaandika mada gani zinazolipa?

FundiKalamu aliandika:
Wakuu habari za muda huu. Niko Morogoro, nina kasteshenari kangu karibu na stendi, natoa kopi, naprinti, najazia watu fomu za mtandaoni, jioni nikishafunga ndo naandika. Blogu nimefungua mwaka jana na hadi leo nina makala 140 na ushee, karibu zote uchambuzi, Katiba mpya, uchaguzi wa Marekani, vita vya Mashariki ya Kati, makala moja inanitoa jasho mpaka saa nane usiku. Mavuno yake dola 14. AdSense, hawa Google wanaoweka matangazo kwenye blogu, hawakulipi mpaka ufikishe dola 100, na ukigusa 10 wanakutumia kwa posta barua ya PIN ya kuhakiki anwani yako, mi sina sanduku nikaweka la parokia, kila Jumapili namuuliza katekista mpaka kanichoka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba makala inayosomwa kuliko zote ni moja tu niliyoandika kwa hasira, namna ya kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, kwa anayeomba mkopo wa chuo. Siku hiyo wateja walikuwa wananiuliza swali lilelile mpaka sauti ikakauka, nikakaa dakika ishirini nikaandika nikaachana nayo. Sasa nyie mnaokula mtandaoni mnaandika nini? Mapenzi? Mpira? Udaku? Mama watoto ameanza kuuliza hiyo laptop inaleta nini mezani.

MzeeWaJangwani:
Simba na Yanga bhana, hakuna kingine. Dirisha la usajili likifunguliwa andika "winga hatari kutua Jangwani", yaani kwa Yanga, wanajaa kama kumbikumbi.

Tandika_Boy:
Wanajaa ndio mzee wangu, wakishasoma mistari miwili wanasepa. Mi nimeandika mpira misimu miwili, habari ya asubuhi jioni imeshachacha, na unashindana na maredio yenye watu wao uwanjani. Halafu mkuu elewa kitu kimoja, mwenye tangazo hamlipii mtu anayesoma, anamlipia mtu atakayenunua. Msomaji wa bima au mikopo ya nyumba aliyeko London, kubofya kwake mara moja kunaweza kuzidi siku nzima ya vijana wa Manzese wanaosoma tetesi za usajili. Ndo maana unakuta mbongo anaandika kwa Kiingereza kuhusu bima za magari ya Marekani wakati yeye hata bodaboda hana.

Kachumbari2:
Matokeo ya mitihani ya taifa ya NECTA, ajira, majina ya walioitwa kwenye usaili. Siku matokeo ya form four yanatoka unapata wasomaji wa mwaka mzima. Na bei za mafuta EWURA, wadhibiti wa nishati, wanatoa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, bodaboda wote wanatafuta.

Tandika_Boy:
@Kachumbari2 na kesho yake panakuwa jangwa. Afu mkishaishiwa mnaanza "nafasi mpya za ajira serikalini" ukifungua hamna kitu. Mtu akidanganywa mara moja harudi tena.

DadaSimulizi:
Mi ni mwanamke naandika hadithi na matangazo siyajui kabisa. Sehemu ya 1 mpaka ya 10 naweka bure Facebook, nakata pale mke ameshika kitasa cha mlango wa gesti, mwendelezo uko WhatsApp, sehemu tano kwa buku, hadithi nzima elfu tatu, unatuma kwa M-Pesa au Airtel Money. Mapenzi yanalipa msidanganyane, hasa ikiwa na mama mkwe mwenye mambo yake. Ila ni utumwa, ukichelewa kuposti siku moja unatukanwa na watu wazima wenye wajukuu, na hakosi mmoja ananunua halafu anafowadi kwa group zima. Mwezi mzuri naona laki mbili na nusu, mwezi mbaya elfu arobaini. Nimepita kwenye blogu yako kaka, nakuomba usije huku, wahusika wako watatongozana kwa hoja ya dharura 😂😂

FundiKalamu:
😂😂 dada umeniua

MamaVifaranga:
Mwanangu, mi naandika kuhusu kuku wa kienyeji tu mwaka wa nne huu. Ugonjwa wa kideri unavyoingia bandani, chanjo tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, banda lielekee wapi. Matangazo hayajanipa hata mia, ila vifaranga vyangu vinaisha kabla havijatoka kwenye mashine, maana mtu akisoma kuku wake wanakufa kwa nini anataka anunue kwa huyohuyo aliyemweleza.

Umeuliza watu wanasoma nini na jibu umelileta mwenyewe ukalipita kama hulioni. Anayesoma uchambuzi wako wa Marekani hana shida na wewe, akimaliza anakwenda kulala. Anayesoma ya RITA dirisha la mkopo linafungwa, mtoto analia, mzazi hela anayo mkononi. Andika yanayowakwamisha pale dukani kwako, jina la cheti halifanani na la shule, cheti cha kifo cha baba hakionekani, picha imeskaniwa giza tupu. Kila swali la mteja makala moja. Chini weka namba, "ukikwama nikufanyie". Ila nywila za watu usikae nazo, utakuja kulaumiwa kwa usilolijua.

Mwanasheria_wa_Kijiwe:
Kabla hujaendelea na hizo habari na siasa soma kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Zilipokuja 2018 leseni ya mwaka wa kwanza ilikuwa kama milioni 2.1 ukijumlisha na ada ya maombi, wengi walifunga blogu. Zimeshabadilishwa, kaangalie za sasa zinasemaje kuhusu unachoandika.

FundiKalamu:
Wakuu mrejesho. Wiki tatu, makala sita, zote za vyeti na fomu, nimeweka namba ya WhatsApp. Nimepata watu tisa nimewachaji elfu tano tano, mmoja yuko Mpanda alinitumia cheti amekipiga picha juu ya kitenge maua yote yanaonekana, tumerudia mara nne. Hiyo ni 45,000, dola zangu za mwaka nimezipita. Mama watoto jana kanichajia laptop mwenyewe bila kuambiwa. Katiba naandika bado, Jumamosi tu.

DadaSimulizi:
Na barua ya PIN?

FundiKalamu:
Katekista kaniita juzi nimetoka mbio, kumbe ni mualiko wa kwaya.