Bima ya pikipiki Malindi na jirani: tupeane uzoefu, kampuni yako uliichagua kwa lipi?

Nahodha wa Boxer (Maweni)

Asalaam aleikum, habari za jioni nyote. Kava yangu inaisha mwisho wa mwezi na maajenti washaanza kunifuata mpaka steji. Kila mmoja anaanza na bei na kumalizia na bei. Ukimuuliza mteja wake wa mwisho aliyelipwa ni nani, anainamia simu. Bei mimi nishazisikia za kutosha. Nataka kuwasikia nyinyi wa Watamu, Gede, Mambrui, Gongoni, hata ndugu zetu wa Lamu: kampuni uliichaguaje, na siku ya shida ilikuwaje? Iliyokuudhi usiitaje jina, hatuanikani hapa. Eleza yaliyotokea tu.

Mama Tende (Gongoni)

Mimi si dereva. Nina pikipiki mbili, nimewapa vijana, wananiletea hesabu kila jioni. Ile ya kwanza nilikatiwa bima na ajenti aliyeletwa na jirani. Akaniambia, "Mama, chukua hii ya binafsi, ni rahisi, askari haangalii mambo hayo." Na kweli, askari hakuangalia. Iliyoangalia ni kampuni.

Kijana alimgonga mzee akivuka barabara karibu na soko, mguu ukavunjika, na wakati huo nyuma amepakia abiria na gunia la mahindi. Barua ya kampuni ilikuwa fupi: pikipiki imekatiwa bima ya matumizi binafsi, siku hiyo ilikuwa ikibeba abiria kwa malipo, hatuhusiki. Ajenti mpaka leo hashiki simu. Tulikaa wazee wa pande zote mbili, tukabeba gharama za hospitali, na mbuzi wangu wakenda sokoni.

Kwa ile ya pili nilizunguka ofisi mwenyewe. Iliyonivuta ni ya msichana mmoja hapo mjini, kwa sababu aliuliza kabla ya kutaja bei. Nani anaendesha? Inabeba watu au mizigo? Leseni yake daraja gani? Nikamwambia kijana ana A2. Akasema hiyo haitoshi, kubeba abiria kwa malipo ni A3, na huipati hujafika miaka 21. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya yule wa kwanza. Nikalipa. Na kabla sijatia sahihi nilimwambia anioneshe kwa kidole ule mstari wa matumizi.

Kijana wa Barani

Mnajisumbua jamani. Bima ni ya askari. Akiweka namba yangu kwenye simu ikatokea, napita. Mimi nachukua ya mwezi mmoja mmoja, ile ya chini kuliko zote, na sijaona tofauti.

Mzee wa Daraja la Sabaki (Mambrui)

Mwanangu, ya mwezi haina ubaya. Ubaya uko kwenye ile siku ya katikati. Kava imekatika usiku, wewe unasema nitalipa nikipata za kwanza, na alfajiri ushampakia mama wa samaki na ndoo zake. Nimemuona kijana wa steji yetu akilipa saa nne asubuhi kwa ajali ya saa moja. Ujumbe wa M-Pesa una saa na dakika zake, hauna huruma. Kampuni haikuhitaji hata kubishana.

Nyinyi mnaochukua ya mwezi basi tafuteni ofisi inayowakumbusha. Yangu hunitumia ujumbe siku kadhaa kabla haijaisha. Jambo dogo, lakini ndilo lililonifanya nibaki nao.

Na pesa lipa kwenye paybill ya kampuni yenyewe, usitume kwa namba ya ajenti hata akiwa mtoto wa shangazi yako. Ukishalipa, cheti kikiingia kwenye simu, hakikisha kimo kwenye mfumo wa Chama cha Kampuni za Bima, maana picha ya cheti mtu yeyote anatengeneza kwa simu yake.

Karani wa Wakili (Malindi mjini)

Nimekaa ofisi ya wakili hapa mjini muda mrefu, na faili za pikipiki ndizo nyingi zinazopita mezani kwangu. Haya ni yangu, bosi wangu hayumo.

Bima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa uliyemgonga, ni lazima, Sura ya 405 ya sheria za Kenya ndiyo inayosema. Lakini wenye pikipiki wengi hawajui kwamba sheria hiyo hiyo ina kikomo. Kwa dai la mtu mmoja kampuni hailazimiki kupita shilingi milioni 3. Korti ikitoa zaidi, kilichozidi ni chako wewe.

Halafu kuna suala la muda. Aliyeumia ana miaka 3 ya kufungua kesi. Umemgonga mtu leo, ukampeleka hospitali, mkapeana mikono, ukasahau. Mwaka wa tatu unakuja kuletewa makaratasi ya korti ukiwa stejini. Inayobeba mzigo huo ni kampuni uliyokuwa nayo siku ya ajali, si uliyohamia juzi. Kwa hiyo unapochagua, usiulize tu kama kampuni ni nzuri leo. Uliza kama miaka mitatu ijayo bado itakuwa imefungua mlango. Wazee wanakumbuka United Insurance ilivyowekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, kisha Blue Shield mwaka 2011. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima unaosaidia kampuni inapoanguka, ila mwisho wake ni shilingi 250,000 kwa dai. Mguu uliovunjika vibaya, korti inaweza kupita hapo bila shida.

Sasa niwape siri ya ofisini. Kuna kampuni ikishindwa kesi inaandika hundi. Na kuna kampuni ambayo aliyeumia, baada ya kushinda kesi dhidi yako, hana budi kufungua kesi nyingine kuiomba korti itamke kwamba kampuni ilipe. Wakati huo wote hukumu ina jina lako wewe, na madalali wa korti wanakuja nyumbani kwako, hawaendi kwa kampuni. Nimeona pikipiki ikipakiwa kwenye pikapu hivyo, mwenyewe amesimama na cheti cha bima mkononi, cheti halali kabisa.

Utazijuaje? Mtafute karani yeyote wa wakili anayefanya kesi za ajali, mnywe kahawa, umuulize: ni nani akishindwa hulipa bila kufukuzwa? Atakutajia mbili tatu papo hapo. Haitangazwi redioni hiyo. Na ukiletewa makaratasi ya korti, yapeleke kwa kampuni wiki hiyo hiyo, nakala yako igongwe muhuri kwamba wameipokea. Bila muhuri watasema hawakujulishwa.

Kijana wa Barani

Kaka Karani umenitia baridi. Haya, na mimi dereva nikivunjika je?

Bi Nesi (Muyeye)

Mtu wa tatu si wewe, mdogo wangu. Nafanya kazi wodini, kila mara napata dereva ameletwa, mkewe anatoa cheti cha bima akidhani ndicho kitalipa vyuma vya mguu. Hakilipi. Aliyegongwa atalipiwa, abiria wako huenda akalipiwa kama sehemu ya abiria imo kwenye kava, wewe utalipa mwenyewe au bima yako ya afya. Kuna nyongeza inaitwa bima ya ajali binafsi, mwambieni ajenti aitaje kwa maandishi ni kiasi gani kwa kifo, kiasi gani kwa matibabu. Na mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, muache. Sheria ya barabarani inaruhusu abiria mmoja tu, ukibeba wawili unaipa kampuni sababu ya kukuruka.

Fundi Simu (Watamu)

Mimi sikuchagua, nilichaguliwa. Pikipiki nilitoa kwa mkopo na bima ikaja humo humo ndani ya malipo ya kila wiki. Ikaibiwa Gede nikiwa msikitini. Niliripoti polisi saa ile ile, nikachukua abstrakti (karatasi ya polisi ya ripoti yako), nikapeleka funguo zote mbili (wanazitaka zote mbili, ile ya akiba msiipoteze). Kampuni ililipa, sisemi uongo. Ila hela ilikwenda kwa mwenye mkopo kwanza, ikafuta deni. Kilichobaki kwangu hakikununua hata tairi. Kwa hiyo nyinyi wa mkopo, ombeni nakala ya mkataba wa bima muusome. Angalieni jina la anayelipwa, na thamani ya pikipiki iliyoandikwa humo inavyoshuka kila mwaka.

Dada wa Casuarina

Yangu ni ya kwendea kazini tu, hotelini, nikaikatia bima kubwa, ile inayolipa hata pikipiki yako mwenyewe. Mume wangu alisema natupa pesa. Niliteleza njia ya Mayungu kwenye mchanga, taa na forki mbele zikaisha.

Mkaguzi alitumwa kutoka Mombasa, tukakutana naye kwa fundi, Kisumu Ndogo. Hakuanza na taa. Alichuchumaa, akamwomba fundi kitambaa chenye mafuta ya taa, akasugua shingo ya pikipiki mpaka namba ya chesisi ikaonekana, akaipiga picha. Kisha akaisoma tarakimu moja moja huku mimi nimeshika logbuku, yaani hati ya umiliki. Logbuku na chuma sawa. Mkataba wa bima ulikuwa na tarakimu moja imekosewa na ofisi yao. Moyo ukanishuka. Lakini nilikuwa nimewapa nakala ya logbuku siku ya kwanza na ilikuwa kwenye faili, basi akapiga simu pale pale wakasahihisha. Angekuwa mtu wa kutafuta sababu, hiyo ilikuwa sababu tosha. Nipo nao mpaka leo kwa ajili ya ile simu.

Jambo jingine ni eksesi, yaani kile unachotoa wewe kwanza kabla kampuni haijatoa chake. Pikipiki nyingi zikianguka hasara haifiki mbali, na eksesi ikiwa kubwa unajikuta umetengeneza mwenyewe. Mimi siku hizi eksesi ndiyo naiuliza kwanza, bei baadaye.

Mwana wa Mokowe

Huku kwetu Amu (Lamu) mjini punda ndiye boda, na hajawahi kuombwa cheti. Lakini sisi wa bara, Mokowe, Hindi, Mpeketoni mpaka Witu, tuna letu. Mwenye bima kubwa aulize kuhusu vurugu na ugaidi. Kwenye mikataba mingi halimo mpaka uliongeze kwa malipo ya ziada, na barabara yetu mnaijua. Kampuni mbili niliziuliza, moja haikutaka hata kusikia habari ya Lamu. Ya pili ikaongeza bila maneno. Nikachagua hiyo ya pili, sikuangalia kingine.

Nahodha wa Boxer (Maweni)

Shukrani sana. Mama Tende pole kwa yaliyokukuta. Leo nilipita ofisi mbili. Ya kwanza bei ilikuwa nzima nzima, hawana mchanganuo. Ya pili wamenipa karatasi yenye mistari: bei ya bima, kodi ya mafunzo asilimia 0.2, mfuko wa fidia asilimia 0.25, stempu shilingi 40. Nikarudi kwa yule wa kwanza na hiyo karatasi, akaniambia zilizobaki ni "za ofisi". Ofisi gani?

Mzee wa Daraja la Sabaki (Mambrui)

Za mfukoni kwake hizo. Serikali na mfuko ni hizo tatu ulizoziona. Na kabla hujalipa ya pili, angalia kama wamo kwenye orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Kampuni na ajenti, wote wawili.

Kijana wa Barani

Swali la mwisho, wazee wangu. Nimenunua Boxer kwa mtu wa Ganda, kava yake ina miezi mitano. Si naendelea nayo tu?

Karani wa Wakili (Malindi mjini)

Hapana. Bima ni mkataba wa kampuni na yeye, haiuzwi na pikipiki mpaka kampuni ikubali. Ukigonga mtu leo, kampuni itasema haikujui, naye muuzaji jina lake bado liko kwenye logbuku, mtaburutwa nyote wawili. Mwambie aanze kuhamisha umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri, wewe ukubali upande wako, kisha kata kava kwa jina lako. Mpaka hapo iache imeegeshwa.

Kijana wa Barani

Niko nayo stejini saa hii, ina abiria. Namshusha.