Mzeituni una dawa kwenye majani, mbona bado unaugua bakteria?

Kijana_wa_Buswelu:
Mwangaluka wadau. Mzee wangu ana mzeituni kwenye pipa hapa nyumbani, mche alinunua Arusha, anaupenda kuliko sisi watoto wake. Sasa mwezi wa nne tuliupogoa huku mvua inanyesha, saa hizi matawi yametoa vinundu vigumu kama chunjua na vimepasuka pasuka. Nimegugo naona picha zinafanana na ugonjwa wa bakteria Pseudomonas savastanoi. Kinachonichanganya, watu wanachemsha majani ya mzeituni wanakunywa eti yanaua bakteria, sasa mti wenye dawa yake mwenyewe unauguaje? Duka la pembejeo nimeuziwa dawa ya ukungu, sijaona kitu.

BwanaShamba_Mstaafu:
Pole kijana. Dawa ya ukungu kwa bakteria umepigwa hapo.

Ule uchungu wa jani la mzeituni ni oleuropeini. Ndani ya seli imehifadhiwa mbali na kimeng'enya chake, mdudu akitafuna jani vinakutana na hapo ndo inageuka kitu kikali kinachogandisha protini. Chukulia ile gundi ya mirija miwili ya mafundi wa boti za faiba, mrija mmoja peke yake haushiki kitu.

Sasa huyu bakteria hatafuni. Anaingia kwenye kidonda cha mkasi, mvua ya mawe au pale jani lilipodondoka, anakaa katikati ya seli kimya kimya, anatengeneza homoni za ukuaji zilezile za mti, auksini na saitokinini, na hiyo auksini anaitengeneza kutokana na triptofani, aina ya asidi amino. Mti unadhani umeambiwa ukue, unajaza nyama, kinundu hicho. Halafu ndugu zake wanaoshambulia miti wana jeni za kuvunja vunja fenoli, lile kundi la kemikali za mimea ambamo oleuropeini imo, jeni ambazo wale wa mboga mboga wengi hawana. Yaani uchungu unaomfukuza mgeni, huyu kauzoea.

Ila sikuthibitishii ugonjwa kwa picha, chukua kitawi nenda kaulize kituo cha utafiti wa kilimo Ukiriguru.

MamaNyanya_Kisesa:
Daah kumbe na miti inateseka hivi. Mimi mnyauko wa nyanya umenimalizia robo eka, na niliambiwa bakteria wa kwenye udongo wanafuata jasho la mizizi, yale majimaji yenye sukari na asidi mmea unayomwaga wenyewe, wanayafuata kama nzi na dagaa wa kuanika. Kata shina tumbukiza kwenye glasi ya maji safi, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka basi hiyo ya kung'oa, usisumbuke na dawa.

Kijana_wa_Buswelu:
Asante mama, shkamoo mzee. Kwa hiyo nikichemsha majani mengi nikapuliza kwenye vinundu haisaidii? Maana kuna video nimeona.

BwanaShamba_Mstaafu:
Marahaba. Kwenye kisahani cha maabara ni kweli dondoo ya majani inazuia bakteria kadhaa, sikatai, lakini kisahani hakina gome. Wako yupo ndani ya kinundu, chai yako inaishia juu. Subiri kiangazi, mwezi wa saba hivi pakiwa pakavu, kata chini ya kinundu, mkasi uuchovye kwenye jiki au spiriti kila ukikata tawi, vinundu choma. Kopa, dawa ya madini ya shaba, unapuliza baada ya kukata, inalinda vidonda vipya tu, kinundu cha zamani haiponyi. Na usipogoe tena kwenye mvua, bakteria anakaa hata juu ya majani mazima anasubiri maji yamsogeze.

Sato_wa_Nyegezi:
Italia kule Puglia ndo balaa, bakteria mwingine, Xylella fastidiosa, aligunduliwa 2013, anaziba mirija ya maji, miti ya karne na karne imekauka, anasambazwa na kamdudu kale kanakojitengenezea povu. Ila kuna aina ya mzeituni inaitwa Leccino inavumilia, bakteria ndani yake wanakuwa wachache. Swali langu mimi ni moja, huo wa Buswelu unazaa?

Kijana_wa_Buswelu:
Mwaka wa sita hatujaona hata ua.

BwanaShamba_Mstaafu:
Na hamtaona, mzeituni unataka baridi ya kutosha ndo utoe maua, Mwanza hiyo baridi mtaitoa wapi.

Kijana_wa_Buswelu:
Nimemwambia mzee habari ya kukata matawi, kaficha mkasi.