Baraza la sanaa la nchi ya kisiwa linafanyaje kazi, na kikundi cha bigwala Busoga kiige nini?

Mgwala_Iganga

Habari zenu wadau. Kikundi chetu cha hapa Busoga, mashariki mwa Uganda, kina wapigaji 9 wa bigwala, yaani tarumbeta za vibuyu, na wachezaji 6. UNESCO iliiweka bigwala kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka mwaka 2012, lakini mazoezi bado yanategemea mifuko ya wazee. Tunaandika pendekezo la kupeleka wilayani na kwa wafadhili, na tumeshauriwa tusome jinsi nchi ndogo za visiwa zinavyotunza sanaa zao, hasa Singapore. Anayejua anieleze: pesa zinatoka wapi, zinagawanywaje, na kipi tunaweza kufanya hapa bila kungoja chombo kipya kiundwe?

Dawati_la_Miradi, Kampala

Ndugu, karibu. Baraza la Taifa la Sanaa la Singapore liliundwa mwaka 1991. Ni chombo cha serikali chenye sheria na bodi yake, kiko chini ya wizara ya utamaduni, na maombi husomwa na watathmini wakiwemo watu wa fani yenyewe.

Cha kujifunza kwanza ni ngazi za ruzuku. Kikundi kichanga kina ruzuku ya mbegu, hadi miaka 3, kipate kujijenga. Kikundi kilichokomaa kina mpango wake wa muda mrefu. Mwenye onyesho moja naye ana mlango wake, na hapo baraza hulipa sehemu ya gharama, si zote. Ukigonga mlango usio wako umepotea hata kama ngoma yako haina mfano. Kikundi kinachohitaji mwalimu na vibuyu kikiomba pesa za onyesho, zitaishia kwenye jukwaa, spika na mabango, na Jumatatu yake hakuna kijana hata mmoja aliyejifunza kupuliza.

Kwa bigwala hili shikeni sana. Kila kibuyu kina sauti moja tu. Wimbo unapatikana wapigaji 5 au zaidi wakipokezana, kila mmoja akiingia mahali pake. Mmoja akihamia Kampala kutafuta kazi, wimbo mzima unatoboka kama mkeka uliochomolewa ukindu. Ndiyo maana kuhesabu maonyesho hakuwafai. Andikeni kwamba baada ya miezi 12 kutakuwa na vijana 10, kila mmoja akiweza kushika nafasi 2 tofauti za vibuyu. Mtathmini anaweza kuja kulihakiki hilo kwa masikio yake.

La pili ni mahali. Singapore ilianza mpango wa kuwapa wasanii nyumba za kazi mwaka 1985, kabla hata ya baraza kuwepo. Hadi leo vituo kama Goodman na Aliwal viko katika majengo yaliyokuwa shule. Sisi Uganda tuna Kituo cha Taifa cha Utamaduni, cha sheria ya 1959, chenye Jumba la Maonyesho la Taifa na Nommo Gallery. Vyote viko Kampala, zaidi ya kilomita 100 kutoka Iganga. Kwa hiyo ombeni ukumbi wa sabukaunti (ngazi ya utawala chini ya wilaya) au darasa la shule ya msingi siku za Jumamosi, na ombi lijibiwe kwa maandishi: siku gani, saa ngapi, ufunguo unakaa kwa nani, dirisha likivunjika nani anatengeneza. Ruhusa ya mdomo hufa siku mwalimu mkuu anapohamishwa. Ombeni na kabati la kufunga. Vibuyu vinavyozunguka kwenye boda kila wiki hupasuka.

Hesabu_Mbale

Naongeza kuhusu pesa, maana hapo ndipo maombi mengi mazuri yanapoangukia.

Singapore wana mfuko wa kulinganisha michango, ulioanza 2013 kwa dola za Singapore milioni 200. Huo unatoka wizarani, si kwenye baraza, watu huchanganya. Shirika la hisani la sanaa au urithi likichangiwa dola 1 taslimu na mtu binafsi au kampuni, mfuko unaongeza dola 1. Uzuri wake ni kwamba kikundi kinajengewa tabia ya kutafuta wachangiaji wake chenyewe. Mnaweza kuuliza mfadhili yeyote jambo hilohilo: tukikusanya shilingi 2,000,000 kutoka kwa Wasoga walioko mijini na nje, utaweka 2,000,000? Mfadhili anayesita kutoa 4,000,000 mara nyingi hulikubali hilo.

Bajeti iwe ya kuhesabika. Mfano wa kupanga, bei mtaweka zenu: mazoezi mara 2 kwa mwezi ni vikao 24 kwa mwaka. Watu 15, nauli 4,000 kila mmoja, ni 1,440,000. Posho (ugali) na maharage 3,000 kwa kila sahani ni 1,080,000. Jumla 2,520,000. Ukiandika tu "uwezeshaji, 2,500,000" utaulizwa maswali hadi muda uishe.

Karatasi: barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), pendekezo la CDO (ofisa wa maendeleo ya jamii) wa sabukaunti, katiba, orodha ya wanachama, muhtasari wa kikao kilichochagua viongozi, kisha cheti cha kikundi cha jamii kutoka wilayani. Akaunti ya benki iwe na watia sahihi 3, na jina lililo benki lifanane na la cheti herufi kwa herufi. Chukueni na TIN, namba ya mlipakodi. Taasisi iliyoteuliwa kukata kodi kwa ajili ya URA (mamlaka ya mapato) ikiwalipa zaidi ya 1,000,000 kwa onyesho, hukata 6%: kwenye 5,000,000 mtapokea 4,700,000. Daini cheti cha makato siku hiyohiyo.

Nakasero_Sanaa

Singapore isitubane sana. Ni mji mmoja wa kilomita za mraba zisizofika 750, na Uganda ina zaidi ya 241,000. Kule msanii anapanda basi kwenda ofisi za baraza na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Tazameni pia Malta. Baraza lao la sasa ni la 2015, lakini kwa Busoga mimi ningetazama vilabu vyao vya bendi vya vijijini. Kijiji kina klabu, klabu ina nyumba, watoto wanafundishwa muziki humo, na ndiyo inayobeba sherehe ya kijiji. Pesa za baraza zinakuta nyumba imeshasimama.

Kwa hiyo andikeni katika katiba kwamba vibuyu ni mali ya kikundi. Kila kimoja kipewe namba, na kiwe na daftari la nani amekichukua na lini amekirudisha. Mzee akifariki, ala zisigawanywe kama urithi wa nyumbani.

Mgwala_Iganga

Asanteni sana wote. Moja tu: watu wetu huchangia mahindi na kuku kuliko pesa. Vinahesabiwa katika huo mlinganisho? Na mbegu za vibuyu tuweke kifungu gani?

Hesabu_Mbale

Mfuko wa Singapore huangalia taslimu tu, maana inafuatika benki. Nyinyi andikeni mahindi na kuku kwenye safu ya peke yake: kilo au idadi, bei ya sokoni siku ya kupokea, sahihi ya aliyetoa na aliyepokea. Msivichanganye na pesa, mkaguzi ataikataa safu yote. Mkitaka vihesabiwe, uzeni, mweke pesa benki na stakabadhi.

Mbegu ziwekeni chini ya vifaa, pamoja na miti na kamba za kichanja. Kibuyu kirefu kikining'inia kichanjani hunyooka, kikilala chini hupinda na upande mmoja huoza. Pandeni mashina mengi kuliko mnavyohitaji, kwani urefu ndio unaoamua sauti, na ili mpate seti ya vibuyu 5 vinavyokubaliana mtatupa vingi. Msivikate vikiwa vibichi. Na tazameni kalenda: mvua ya kwanza ni Machi, kwa hiyo pendekezo liwe limefika kwa mfadhili kufikia Novemba. Pesa zikiingia Juni, mtangoja mvua za Septemba ndipo mpande.