Naomba ushauri: kupima gliserini ya dawa za maji kwa sahani za silika

Habari za jioni wakuu. Niko Tabora mjini, kwenye chumba kidogo cha kutengenezea dawa za maji. Limeingia pipa jipya la gliserini na sitaki liguswe kabla ya kupimwa. Mwaka 2022 kule Gambia watoto wengi walikufa kwa figo kufeli, na vifo vikahusishwa na dawa za maji zenye daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali mbili zenye sumu. Hizi hazina rangi, na ladha yake ni tamutamu kama gliserini yenyewe. Kwa macho huwezi kuzitambua!

Mashine ya kromatografia ya gesi, ya kutenganisha na kupima kemikali, hatuna. Nina sahani za silika (vibao vinavyotenganisha kemikali kuwa madoa mchanganyiko wa vimiminika unapovipanda), asetoni, tolueni na amonia za kutengenezea mchanganyiko huo, na pamanganeti ya kuonyeshea madoa. Kwenye sahani moja nadondosha sampuli, na pembeni yake gliserini safi niliyoitia daiethilini glaikoli 0.1%, ambayo ndiyo kikomo kinachoruhusiwa.

Shida ni joto la mchana. Asetoni inaruka upesi, mchanganyiko unabadilika, na doa la gliserini linatanuka kwenda juu hadi linakaribia kumeza lile dogo la daiethilini glaikoli ninalolitafuta. Nikizimua sampuli zaidi, naogopa hiyo 0.1% haitaonekana kabisa.

Waliozoea kazi hii, mnafanyaje? Nipime alfajiri, nikaushe sahani kwanza kwenye oveni, au nibadilishe vipimo vya mchanganyiko? Na sahani ikitoka safi, inatosha kufungua pipa, au bado nipeleke sampuli maabara ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba? Mimi naegemea kupeleka, hata kama wagonjwa watasubiri.