Tupeane uzoefu: uliyefanya kazi utotoni, darasani kichwa kilikuwaje?

Wakuu, nilianza kuuza sokoni nikiwa na miaka tisa. Chenji naipiga kichwani kabla mteja hajafungua mkoba. Hesabu ileile ikihamia ubaoni, ya kukopa kumi upande wa pili, kalamu inaganda. Mwalimu akaniita mzito, nami nikaamini miaka mingi. Baadaye nikakutana na utafiti wa Recife, Brazil, uliochapishwa 1985: watoto wachuuzi walipatia asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa palepale kwenye biashara, lakini za aina hiyohiyo zilipoandikwa kwenye karatasi bila habari ya kuuza, wakashuka hadi 37. Nilicheka peke yangu. Wenzangu vipi?

#2 Mimi nilikuwa wa kubeba matofali, alfajiri kabla ya shule. Nikiingia darasani vidole bado vinatetemeka, mwandiko kama wa mtu aliye ndani ya gari bovu. Kusoma ndiko kulinishinda zaidi. Nikifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshatoroka. Narudia, unatoroka tena. Ujinga haukuwepo, ni usingizi tu.

#3 Naomba nipingane kidogo. Nilikuwa nasaidia mifugo nyumbani, saa moja hivi baada ya shule, na nilijifunza kupanga mambo. Hata Mkataba namba 138 wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, unaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 13, nchi zinazoendelea 12, mradi isiharibu masomo. Msiweke kila kitu kapu moja.

#1 Sawa mkuu, ila hiyo saa moja yako alikuwa anaihesabu nani? Yangu ilianza hivyohivyo.

#4 Mimi kazi yangu haikuwa na jina. Kuchota maji, kupika, kulea wadogo. Ukiniuliza kama nafanya kazi ningekwambia hapana, nasaidia tu. Ile takwimu ya ILO na UNICEF ya mwaka 2024, ya watoto milioni 138 wanaotumikishwa duniani, haihesabu watoto wa aina yangu, wanaofanya kazi za nyumbani kwao. Kitabu nilikuwa nafungua wote wameshalala, nashtuka shavu liko juu ya ukurasa.

#2 #1, ile ya kukopa ulikuja kuielewa?

#1 Ukubwani, nikimfundisha mwanangu. Nilimwambia, "Jifanye mteja, nipe noti kubwa." Akacheka, nami hapo ndipo nikaiona.