Chati inasema 2, mgonjwa hawezi hata kukohoa

ZamuYaUsiku: Wakuu, poleni na kazi. Mgonjwa amepasuliwa tumbo jana. Ukimuuliza maumivu kwa namba, 0 hadi 10, anajibu "2" au "afadhali kidogo". Tunaandika 2, anapewa parasetamoli, basi. Lakini kugeuka hataki, kukohoa hakohoi, na nimonia hiyo inanyemelea. Mofini, dawa kali ya maumivu, imeandikwa "akihitaji", ila haombi, na zamu nzima inaogopa kuitoa. Tunakosea wapi?

KotiLaKijani: Mnauliza wakati usiofaa. Mtu aliyelala chali bila kujitikisa atasema 2, na hasemi uongo. Mpe mto aukumbatie juu ya kidonda, avute pumzi ndefu, akohoe mara mbili, ndipo umuulize. Andikeni namba mbili, ya kutulia na ya kujitikisa. Hiyo ya pili ndiyo inayoamua dawa, na akishindwa kabisa kukohoa msibishane na namba.

Uliza pia yanaumaje. Kuchoma kwenye mshono ni kawaida. Yakiwa ya kuwaka moto, kama shoti ya umeme, pamoja na ganzi, huo ni mshipa wa fahamu na mofini haitasaidia sana. Tumbo likiwa gumu na maumivu yanapanda licha ya dawa, mwite daktari wa upasuaji kwanza.

Dozi_kwa_Saa: Hilo neno "akihitaji" ndilo linalowaponza. Parasetamoli iende kwa saa: 1 g kila saa 6, na mtu mzima wa chini ya kilo 50 apewe 15 mg kwa kila kilo. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, iongezwe kama figo ni nzima, hana vidonda vya tumbo na havuji damu.

Mofini ya mshipa wa damu: ampuli ya 10 mg ijazwe maji ya dawa hadi 10 ml, hivyo 1 ml ni 1 mg. Toa 2 mg (mzee 1 mg), subiri dakika 5, mkohoze tena, rudia hadi aweze. Achaneni na 10 mg ya mkupuo kwenye msuli. Mgonjwa akiwa wa baridi na presha iko chini, dawa hukaa pale pale, halafu damu ikirudi inaingia yote kwa pamoja. Hofu nyingi ya mofini imezaliwa hapo.

KotiLaKijani: Naongezea: usingizi hutangulia pumzi kupungua. Anayesinzia katikati ya sentensi asiongezwe, hata akisema 8. Pumzi zihesabiwe dakika nzima. Zikishuka chini ya 8 na haamki vizuri, oksijeni, kisha naloksoni (dawa inayozima nguvu ya mofini) 0.4 mg iliyoongezwa maji hadi 10 ml, 1 hadi 2 ml kila dakika 2. Ukiisukuma yote, maumivu yanarudi kwa kishindo. Na msimwache, kwani naloksoni huisha kabla ya mofini. Figo zikiwa mbovu mofini hujikusanya; punguzeni dozi na muongeze muda kati ya dozi.

ZamuYaUsiku: Shukrani. Na mtoto asiyeweza kusema?

Dozi_kwa_Saa: FLACC, kipimo cha maumivu kwa kumtazama mtoto, kuanzia miezi 2 hadi miaka 7: uso, miguu, mwili, kilio, kubembelezeka. Kila kimoja 0 hadi 2. Mtazameni anapogeuzwa. Anayelala kimya, macho wazi, hataki kuguswa, huyo ndiye anayesahaulika, maana anayelia anahudumiwa.